Baiskeli Zisizobeba Kitu: Barua kwa Jamaa wa Mwanza kutoka Australia

Barua hii, inayoelekezwa kwa jamaa wa Kirumba, Igogo na Pasiansi, inakusudia kufafanua desturi moja ya jimbo la Victoria, kusini-mashariki mwa Australia, ambayo Msukuma mgeni huidhania mwanzoni kuwa ni adhabu ya mahakama. Mwisho wa juma ukifika, watu wazima wenye magari, wakiwemo wastaafu, huzipakia baiskeli juu ya magari hayo, husafiri hadi mashambani, huzishusha, kisha huziendesha kwa makundi kutoka mji mmoja hadi mwingine bila kupeleka gunia, dumu wala abiria.

Mapito yao ni njia za reli zilizokufa, yaani matuta yaliyong'olewa vyuma na mataruma, yakatandazwa changarawe na kuachiwa waenda kwa miguu, wapanda farasi na waendesha baiskeli. Mojawapo, Great Victorian Rail Trail, ina urefu wa kilomita 134 kutoka Tallarook hadi Mansfield, ambako reli ilifungwa mwaka 1978. Kwa kuwa garimoshi halimudu mlima mkali, wahandisi wa karne ya 19 walizunguka vilima, wakachimba miinuko na hata kutoboa handaki la Cheviot lenye mita 201, na jasho lao, lililomwagwa kwa ajili ya mazao na mifugo, sasa linayanusuru magoti ya wastaafu.

Msafara una taratibu zake. Hutangulia kiongozi anayeijua njia, na nyuma kabisa hufuata mtu ambaye kazi yake ni kutompita yeyote, hata huyo yeyote akisimama kumpiga picha ng'ombe, mnyama ambaye Msukuma hahitaji kuvuka bahari ili amwone. Vazi rasmi ni kaptura ya kubana yenye sponji makalioni, pamoja na kofia ngumu ambayo sheria ya Victoria imeilazimisha tangu mwaka 1990. Na ifikapo Septemba, baadhi yao huichomeka vijiti vya plastiki vilivyosimama kama miiba ya nungunungu, ili kumtisha magpie, ndege mweusi na mweupe ambaye akiwa na makinda hushambulia vichwa vya wapita njia. Kwenye miji ya njiani kuna mikahawa, ambamo nguvu zilizotumika hurejeshwa kwa keki, pamoja na ziada.

Aliyekulia Mwanza hukosa hapo kitu kimoja muhimu, nacho ni keria. Kwake baiskeli ni mfanyakazi: alfajiri hutoka mwaloni Kirumba na tenga la samaki, mchana huingia mjini na magunia ya mkaa, jioni hurudi na mama aliyebeba mtoto, na ikipata pancha hukimbizwa kwa fundi chini ya mti, kwa sababu siku isipotembea jiko haliwaki. Mwendeshaji wa Tallarook hana mzigo isipokuwa mwili wake mwenyewe, ambao amelipa fedha ili aupunguze.

Hata hivyo, desturi hiyo ina chimbuko la kiuchumi linaloihusu Mwanza pia. Malori na magari binafsi yaliinyang'anya reli mizigo na abiria, vituo vikafungwa, na miji iliyoachwa bila treni ikajifunza kuuza malazi na kifungua kinywa kwa watu waliochoka kwa hiari. Mwanza, iliyofikiwa na reli ya Tabora mwaka 1928, na ambayo tangu 2021 inajengewa reli ya kisasa ya kilomita 341 kutoka Isaka, haina sababu ya kuzionea wivu njia hizo. Kinachofaa ni treni ibebe magunia, na baiskeli ya Mwanza ipumzishwe keria.

Mwisho, kuhusu fedha za mwezi huu, wahusika wanaarifiwa kwamba zitachelewa kidogo, kwa kuwa kaptura yenye sponji huuzwa kwa bei inayotosha kununulia matairi mawili Mwanza pamoja na mipira yake ya ndani, na mtumaji, baada ya utafiti wa kina uliofanywa akiwa ameketi, amethibitisha kwamba haikwepeki.