Sifa za Kitochi

Kitochi, au mulika mwizi kama kinavyojulikana Kenya, ni simu ndogo ya vitufe yenye tochi utosini. Mkubwa wa ukoo huo ni Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Mtengenezaji aliahidi betri ingekaa hadi saa 400 simu isipotumika. Mwenye simu janja anayetoka nyumbani na chaji asilimia 100, kisha jioni akaomba soketi kwa muuza chipsi, huona ahadi hiyo kama hadithi za kale.

Kama mvinyo, kitochi huongezeka thamani kinapochakaa. Namba kwenye vitufe hufutika, kioo huingia ufa, na kifuniko cha nyuma hushikiliwa na mpira wa kufungia noti. Hapo ndipo kinapofikia usalama kamili, kwa kuwa hakuna kibaka anayekihitaji. Kikianguka hugawanyika vipande vitatu: kifuniko, betri na mwili. Mmiliki huviokota bila haraka, huviunga, na baada ya dakika moja anaendelea na maongezi pale alipoishia. Tarehe tu ndiyo hurudi nyuma miaka kadhaa, jambo ambalo watu wazima wengi wangelilipia.

Lakini utukufu wa kitochi uko kwenye uandishi. Kila kitufe kuanzia 2 hadi 9 kimebeba herufi tatu au nne, nayo S imewekwa mwisho kabisa kwenye kitufe cha 7, hivyo hupatikana kwa kubonyeza mara nne. Kwa lugha inayopenda S kama Kiswahili, hii ni adhabu yenye hekima. Kuandika “asante” ni mibonyezo 11. “Nisamehe” ni 17, na anayejua gharama hiyo hujichunga asikosee. Vijana walitafuta njia ya mkato wakaipata kwenye X, inayohitaji mibonyezo miwili tu. “Sasa” ni mibonyezo 10, “xaxa” ni 6. Walimu wa Kiswahili walilalamika kwamba lugha inaharibiwa, bila kuona kwamba wanafunzi wao wamekokotoa hesabu ambayo darasani wangeikimbia. Ujumbe wenyewe una nafasi ya herufi 160, na ukizidi hulipiwa kama ujumbe wa pili. Hakuna mhariri aliyewahi kuwa mkali kiasi hicho kwa mshahara mdogo kiasi hicho.

Kisanduku cha ujumbe kikijaa, kitochi hugoma kupokea mpya mpaka wa zamani ufutwe. Mwenye simu janja hulimbikiza picha elfu kadhaa asizozitazama. Mwenye kitochi hulazimika kuamua papo hapo kati ya ujumbe wa mapenzi na ule wa kodi ya nyumba, na aghalabu wa kodi ndio huondoka.

Hata umaskini wa intaneti ni neema. Kamati ya harusi haiwezi kumwingiza mwenye kitochi kwenye kundi lake, akaamka na jumbe 300 na orodha ya waliokwisha kuchanga. Mwenyekiti analazimika kumpigia, kwa vocha yake mwenyewe. Wala hakosi huduma ya maana: M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, ilibuniwa kwa simu za namna hii, na menyu yake hufunguka bila intaneti.

Pamoja na fadhila zote hizo, siku ya kukibadilisha hufika. Hatima ya baadhi ya vitochi iliamuliwa na dola: Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu bandia, wamiliki walibonyeza *#06# kupata namba ya utambulisho wa simu, wakaihakiki ili kujua kama chao ni halali au marehemu. Kwa wengine sababu ni ndogo ndogo. Mwajiri anataka nyaraka zitumwe kwa WhatsApp, shule inatuma matokeo ya mtoto kwenye kundi la wazazi, wajukuu walio ughaibuni wanataka kuonekana. Kila sababu ina nguvu, na kila moja huahirishwa hadi mwisho wa mwezi.

Kitochi nacho hujitetea. Majina yamehifadhiwa kwenye simu badala ya laini, kwa hiyo huhamishwa moja moja, na humo mnajitokeza “Fundi 2”, “Fundi Mpya” na “Usipokee”. Laini ni kubwa mno kwa tundu la simu janja. Fundi wa kibanda cha mtaani huikata kwa kifaa chake, huku mmiliki akisimama karibu kama mtu anayesubiri nje ya chumba cha upasuaji. Wengi hawafiki hapo. Wananunua simu janja, wanaweka alama za vidole kusajili laini ya pili, na kitochi kinabaki na ile ya zamani, kwa sababu benki, wadeni na mama mzazi wote wanaijua namba hiyo.