Jinsi ya Kuhitimu Chuo cha Biblia Bila Kuguswa na Biblia

Kwanza lazima uitwe. Bila wito hakuna chuo kitakachokupokea, na kama hujaitwa bado usikate tamaa, subiri matokeo ya kidato cha nne. Sauti ya Bwana huwajia vijana wengi wiki ileile NECTA inapotangaza, na huwajia zaidi wa divisheni ya nne. Walimu wa theolojia hawajalitolea maelezo jambo hili, nami siwezi kuwatangulia.

Wito unataka ushuhuda, maana utaulizwa. Wazee wa kanisa watakukalisha kwenye kiti cha plastiki katikati ya ofisi ya usharika, wao wamejipanga ukutani, kisha mmoja atakohoa na kusema, "Haya mwanetu, tueleze, ulijuaje kwamba ni Mungu?" Hapo usiseme mjomba wako alikudokeza kwamba wachungaji hupewa nyumba. Sema uliugua ukapona. Sema bibi yako alikuwa akikuombea alfajiri tangu hujazaliwa. Ndoto pia inafaa, lakini iwe moja. Ukiota mara tatu watashuku unataka kufungua kanisa lako. Ukivuka hapo, barua yako itatoka kwa mchungaji, itapanda kwa mkuu wa jimbo, itafika dayosisi, na huko itakaa. Kukaa kwa barua nako ni malezi. Uvumilivu utakaojifunza kwa kusubiri muhuri hautaupata tena darasani.

Katika kuchagua chuo, tafuta chenye historia, ili ukitajiwa jina lake watu wanyamaze kidogo. Wa Limuru watakwambia chuo chao cha St Paul's kilianzia Freretown, Mombasa, mwaka 1903, kwenye makazi ya watumwa waliokombolewa, ndipo kikahamia bara mwaka 1930. Wa Makumira, pale Usa River, watakwambia wachungaji wa Kilutheri wamekuwa wakipikwa hapo tangu 1954. Historia hiyo itaje, usiifuatilie. Ukiifuatilia utakutana na watu wa kukuvunja moyo, kama Cecil Majaliwa. Huyu alikombolewa utumwani, akasomeshwa Kiungani, Unguja, akapewa upadri mwaka 1890, akapelekwa kusini kwa Wayao. Kosa lake ni kwamba alikwenda alikotumwa. Usimchukue kama kielelezo.

Mzigo wa safari ni suti nyeusi, ndoo, na Biblia yenye zipu. Biblia iwe ile ya Muungano ya 1952, iliyowapa Mombasa na Unguja kitabu kimoja baada ya miaka ya kila upande kusoma cha kwake. Habari Njema iache nyumbani. Inaeleweka mno, na waumini wakielewa wenyewe wewe utabaki na kazi gani?

Mwaka wa kwanza utapambana na Kigiriki. Kuna kitenzi kimoja, luo, ambacho wanafunzi hukiimba wakienda bwaloni na masahani mikononi: luo, lueis, luei. Wenye bidii hufika mbali, wakaanza hata kusoma Marko polepole kwa kidole, na ukiwatazama usiku wakiwa wameinama juu ya mistari minne utadhani wamepotelewa na sindano. Wewe huna haja. Shika maneno matatu tu: agape, logos, metanoia. Agape itumie kwenye harusi, logos kwenye Krismasi, metanoia wakati wa Kwaresima. Yataje taratibu, ukifumba macho kidogo, halafu useme, "Katika lugha ya awali…" Mama wa benchi la pili atatikisa kichwa. Usijisifu upesi, huenda anafukuza inzi. Kiebrania husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, jambo ambalo wenzako wa Tanga waliokulia jirani na madrasa wala hawatalishangaa. Mtihani ukiisha, kisahau kwa mwelekeo wowote.

Historia ya Kanisa ni somo la miaka. Nikea 325, Kalkedonia 451, Luther 1517. Kariri tarakimu, achana na ugomvi wenyewe. Kuna wanafunzi hujitia kuuliza Augustino alizaliwa wapi. Wakishajua ni Tagaste, katika Algeria ya leo, mwaka 354, na kwamba Athanasio alikuwa askofu wa Aleksandria, Misri, wanaanza kuuliza kwa nini tuliambiwa Ukristo ulitufikia na meli kutoka Ulaya. Maswali ya namna hii huchelewesha watu kuhitimu.

Chakula ni makande. Shamba la chuo lipo na jembe lako lina namba. Tuendelee.

Sasa tufike mahali palipokuleta, mimbarani. Kila mwanafunzi wa homiletiki hupangiwa siku ya kuhubiri mbele ya wenzake, na hapo ndipo kola huanza kuota shingoni. Pointi ziwe tatu. Kiswahili kimekurahisishia kazi, kwa sababu karibu kila kitu kizuri huanza na U. Upendo, Utii, Utoaji. Au Uaminifu, Unyenyekevu, Utoaji. Mbili za kwanza unaweza kubadilisha kufuatana na Jumapili, ila ya tatu lazima iwe Utoaji, maana mhasibu wa usharika naye huwa ibadani. Chagua pointi kwanza, kisha ndipo utafute somo la kuzibeba. Somo likigoma, soma mstari mmoja na uliobaki uufunike kwa sauti.

Sauti ndiyo mahubiri. Anza chini, kama mtu anayetoa siri, kisha panda. Ukifika juu na huna cha kusema, mwambie kila mtu amgeukie jirani yake. Hiyo itakupa nafasi ya kutafuta karatasi uliyoiangusha. Jambo moja tu nakuonya kuhusu urefu. Matendo sura ya 20 inasimulia kwamba Paulo alihubiri mpaka usiku wa manane, na kijana Eutiko, aliyekuwa amekaa dirishani, akalala usingizi mzito, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, akaokotwa mfu. Paulo alishuka akamrudisha hai, kisha akapanda kuendelea na maneno yake hadi alfajiri. Wewe kozi ya kufufua haimo katika mtaala wako. Tazama saa.

Baada ya mahubiri huja uchambuzi. Wenzako watakaa na fomu magotini. Wa kwanza atasema sauti yako ilikuwa nzuri, wa pili atasema ulivaa vizuri, wa tatu atasema Roho alikuwepo ila kipaza sauti kilikoroma. Mwalimu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, atanyamaza mpaka wote wamalize, halafu aulize, "Ndugu, mstari wa tatu hadi wa saba umeipeleka wapi?" Usibishane naye. Mjibu kwamba muda ulikuwa mfupi. Ataandika kitu kirefu kwenye fomu yako, na kama una hekima hutakisoma.

Dada zangu wana mtihani wao wa ziada. KKKT ilikubali wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji mwaka 1990, lakini hadi leo dada anayesoma theolojia ataulizwa na kila mgeni chuoni kama amekuja kumtembelea mchumba. Akivuka hapo, akabarikiwa, akapangiwa usharika, litazuka suala la mume. Mke wa mchungaji ni mama mchungaji, ana kiti chake na kikundi chake. Mume wa mchungaji hana jina wala kiti, na wazee wa kanisa wakimkuta jikoni huondoka kwa vidole kama waliofumania.

Halafu mazoezi ya vitendo. Utapelekwa usharika ambao basi lake hupita mara mbili kwa wiki, ukafundishe kipaimara na kuhubiri. Utadhani wanakusubiri wewe. Wanasubiri mnada. Ibada ikiisha watu hutoka nje, sadaka za mazao huwekwa chini ya mti: mkungu wa ndizi, mayai kwenye ungo, maziwa ndani ya dumu lililozibwa kwa gunzi, jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Mzee wa kanisa atakukabidhi jogoo na kukwambia, "Nadi, mchungaji mtarajiwa, hapa ndipo tunapimia sauti." Kigiriki chako chote hakitakusaidia kumfikisha jogoo yule elfu kumi na tano. Akinunuliwa, aliyemnunua humrudisha anadiwe tena, na wewe unaanza upya. Ukifanikiwa hapo, barua ya sifa itafika dayosisi kabla yako.

Kisha kutatokea msiba. Utaitwa jioni, uingie chumba chenye watu wengi na taa moja, na mama mmoja aliyefiwa na kichanga atakuvuta joho na kukuuliza kwa sauti ndogo, "Baba, hakuwahi kubatizwa. Yuko wapi sasa?" Vitabu vya maktaba vina majibu kadhaa, na yanagombana. Kwa hilo mwongozo huu hauna mbinu ya kukupa. Wapo wanafunzi ambao hukaa chini mkekani wakamshika mkono mpaka kunapambazuka, bila kusema la maana. Hao ndio hupata shida wakirudi chuoni, kwa sababu fomu ya ripoti ya mazoezi ina nafasi ya idadi ya mahubiri, idadi ya washarika na jumla ya sadaka, na ya kukaa mkekani haina. Wakiiacha wazi wanakatwa alama.

Mwaka wa mwisho ni wa tasnifu. Kichwa kiwe kirefu, kianze na "Mchango wa" na kiishie na "Uchunguzi Kifani wa Usharika wa", na usharika wenyewe uwe ule ulio karibu na kituo cha daladala. Sura ni tano. Sura ya pili muulize kijana wa steshenari nje ya geti. Anazo kwenye kompyuta, anabadilisha majina tu. Kuwa mwangalifu asikusahaulie jina la dayosisi ya mwenzako ukurasa wa kumi na nane. Hitimisho siku zote ni kwamba kanisa liongeze semina.

Ukiona hayo yote ni marefu, njia ya mkato ipo. Jiite Mtume. Kodi ukumbi wa hoteli, vaa joho lenye mikono mipana, na mtu aliyekuja na mkoba wa ngozi akutunuku udaktari wa heshima baada ya chakula cha mchana. Hiyo haina Kigiriki, haina makande, wala mzee wa miwani ya uzi. Tatizo lake ni kwamba kwenye hafla ileile wanatunukiwa wengi, na mtaani kwenu madaktari watazidi wagonjwa.

Aliyevumilia hadi mwisho atabarikiwa. Kutakuwa na gari lenye maputo, kwaya tatu zitakazogombania kinanda kimoja, na harambee ya kukununulia pikipiki. Siku hiyo mbele ya madhabahu utakubali kwenda popote utakapotumwa. Jumatatu yake utaanza kumtafuta mtu anayemfahamu katibu mkuu wa dayosisi, ili wito wako uthibitike kuwa wa mjini.

Wanaotaka kuanza wazingatie haya. Fomu hutolewa chuoni na kwenye ofisi za dayosisi. Ambatisha vyeti, picha mbili zenye nyuma ya bluu na barua ya mchungaji wako yenye muhuri. Ada hulipwa benki, si mkononi. Maombi yasiyo na risiti hayashughulikiwi.