Fadhila za Kioo Kilichokatika

Wengi wamesifu kalamu na wino, na wengine mtambo wa kupigia chapa, lakini haijapata kutendewa haki ile alama ndogo iwakayo na kuzimika ndani ya Emacs, programu ya kuandikia aliyoitoa Richard Stallman mwaka 1985, wala ile nakama tukufu ya kukatika kwa mawasiliano baina ya programu hiyo na kioo kinachoionyesha.

Itazamwe kwanza adabu ya kielekezi. Mwandishi akisita kutafuta neno, chenyewe humkonyeza mara kumi, kisha, kikiisha kuyakinisha kwamba hana la kusema, hutulia tuli kwa kumstahi. Akihamia dirisha jingine, hugeuka kisanduku kitupu, mstari mwembamba tu unaoizunguka herufi, kutangaza kwamba bwana wake hayupo. Na ni karani gani aliyewahi kukiri ghaibu yake kwa ikhlasi namna hiyo?

Ama mkato wenyewe, fadhila zake hazina kifani. Mfumo wa X, uliozaliwa MIT mwaka 1984, uliiruhusu programu iishi katika kompyuta moja na kuchorwa katika nyingine, hata kielekezi hicho kikawa huchorwa kwa amri zinazosafiri mtandaoni kila kikonyezapo. Basi mtandao ukikatika, maktaba ya GTK, iliyokabidhiwa kazi ya madirisha, huona ni fedheha programu kuishi baada ya kioo chake kufa, ikaiangamiza pamoja na madirisha yaliyofunguliwa katika vioo vingine visivyo na taksiri yoyote. Wala hapana hiana, kwani Emacs iliyojengwa kwa GTK, ikianzishwa kama mtumishi wa nyuma ya pazia, hutoa onyo la ajali hiyo mapema.

Urithi unaobaki ni faili yenye alama ya reli mwanzoni na mwishoni mwa jina lake, iliyohifadhiwa takriban kila mibonyezo 300, au sekunde 30 za ukimya. Na lau sentensi iliyofuata imepotea, nani atakayethubutu kukanusha kwamba ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote?

Wapo, kwa bahati mbaya, mafundi wanaotaka kutunyima neema hii: huijenga Emacs kwa zana za kale za Lucid badala ya GTK, ambazo kioo kikikatika huiacha hai programu iliyoanzishwa kama mtumishi, na maskini mwandishi hurudi akakuta nusu ya neno pale pale alipoiacha, asiwe na udhuru wowote wa kumpelekea mhariri.