Namna ya Kuishi kwa Bahati Nasibu Bila Kununua Tiketi

Zoea swali moja, maana utaulizwa hadi uzeeni: "Mwalimu, leo nani anashinda?" Ukitamka tu kwamba unasomea nadharia ya uwezekano, kinyozi atazima mashine akusikilize, na shemeji yako atatoa simu akuonyeshe mkeka wake wa kubeti. Usimkasirikie, wala usimtabirie. Mwambie ukweli: aliyepanga odi amekwisha kata fungu lake kabla refa hajapuliza kipenga, na kila timu anayoiongeza shemeji inalinenepesha fungu hilo. Mkeka ukichanika asitafute mchawi. Ulisukwa uchanike.

Akibisha, usimwandikie kanuni. Mpe sarafu, msimamishe uwanjani. Ikidondoka kichwa, apige hatua moja kulia. Isipodondoka kichwa, moja kushoto. Baada ya kurusha mara 100, umbali wa kawaida kutoka alipoanzia ni kama hatua 10. Akirusha mara 400, ni 20. Mara 10,000, ni 100 tu. Ataishia upande gani? Hakuna ajuaye, na anayedai kujua ni tapeli. Lakini umbali tunaujua: unakua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya hatua. Hapa ndipo fani hii ilipoupata utamu wake, na mimi sijaona katika hesabu jambo linalonifurahisha kuliko hili, kwamba vurugu nayo ina kipimo.

Ukishaonja utamu huo, chagua mada inayokuwasha, hata kama wakubwa wanaikunjia uso. Louis Bachelier, mzaliwa wa Le Havre, alifiwa na wazazi wake wote wawili mwaka 1889 akabaki kuendesha biashara ya mvinyo ya baba yake kabla ya kwenda kusoma Paris. Tarehe 29 Machi 1900 alitetea tasnifu yake Sorbonne. Mada? Bei za soko la mitaji la Paris. Kwake bei ilitembea kama yule mtu wa sarafu, na mtawanyiko wake ulikua kwa kipeuo cha pili cha muda. Einstein alikuja kufikia hesabu ya namna hiyo mwaka 1905, akizungumzia chembe zinazotikisika majini. Mwanahisabati Henri Poincaré, mmoja wa watahini wake, aliisifu tasnifu, ila akasema mada iko mbali kidogo na zile zilizozoeleka. Bachelier hakupewa daraja la juu kabisa.

Jiandae pia kwa vibarua. Bachelier alifundisha Sorbonne bila ajira ya kudumu, Vita vya Kwanza vya Dunia vikamchukua jeshini, kisha akazungushwa Besançon, Dijon, Rennes, kila mahali kwa muda. Mwaka 1926 aliomba kiti cha kudumu cha uprofesa Dijon. Mtaalamu mmoja wa huko alidai ameona kosa katika makala ya Bachelier ya 1913, akamwandikia Paul Lévy, bingwa wa fani, kumwomba maoni. Lévy akajibu kwamba kosa lipo kweli, bila kuisoma makala yote. Nafasi ikapotea. Bachelier alikuwa na miaka 56.

Basi ukiletewa kazi ya mwenzako uihukumu, isome yote. Geuza ukurasa, rudi nyuma, uangalie kila herufi inayokutatiza aliieleza wapi. Kama huna muda, sema huna muda. Kusoma nusu na kuhukumu nzima ni dhuluma, hata mwenye kalamu awe bingwa kiasi gani. Nampa Lévy haki yake: mwanahisabati Andrei Kolmogorov alipomtaja Bachelier katika makala yake kubwa ya 1931, Lévy alirudi kuisoma kazi ile upya, akamwandikia Bachelier kumwomba radhi. Kufikia hapo Bachelier alikuwa amekwisha pata kiti chake Besançon, mwaka 1927. Alifariki 1946. Miaka ya hamsini wachumi wa Marekani wakaifukua tasnifu, na mwaka 1973 kanuni ya Black na Scholes ya kukadiria bei za mikataba ya hiari (options) ikapita njia aliyoifyeka yeye.

Ukitaka pa kuanzia, anza na tasnifu hiyohiyo, iliyochapishwa 1900 katika jarida la kisayansi la École normale supérieure. Shika penseli. Tafuta pale anapoonyesha kwamba uwezekano unasambaa kutoka bei moja hadi bei jirani kwa mlinganyo uleule ambao Fourier aliutumia kueleza joto linavyosambaa. Ufanyie kazi mwenyewe, mstari kwa mstari, mpaka ukutoke mkononi.