Yah: Mvua Kunyesha Bila Kufuata Utaratibu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Pembejeo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakulima wa ekari mbilimbili chini ya Mlima Meru tunaleta mbele yako mashtaka dhidi ya mvua ya masika. Mwaka huu tena imenyesha mwezi Machi, bila barua, bila kibali, na bila kuisubiri mbolea yenu ya ruzuku. Mwaka wa fedha, kama kila mstaarabu anavyojua, huanza tarehe 1 Julai. Machi ni robo ya tatu: mafungu yamekauka na maofisa wako semina. Wala mvua isijitetee kwamba ilipata dharura. Redio zilishatangaza kwamba inakuja, kwa hiyo ilikuwa na muda wa kutosha kuomba kuahirishwa.

Ofisi yako haina lawama. Mlituandikisha vizuri, hadi migomba mkaihesabu, na kila mtu akapewa namba. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima ambaye simu yake ya tochi imefungwa mpira ili betri isidondoke, aliandikishwa kwa laini ya mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Ujumbe wa mbolea ulimkuta kijana ndani ya daladala: chukua namba hii, nenda kwa wakala, lipia. Akajua ni wale wale wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Akaufuta. Tunamwombea radhi, mama yake alimlea asidanganyike kirahisi.

Sisi ambao ujumbe ulitufikia tulikwenda kwa wakala. Mtandao haukuwepo. Uliporudi, mbolea ya ruzuku ilikuwa imekwisha. Mbolea ilipoletwa, mtandao ukaondoka tena. Wakala si mtu mbaya, alitupa benchi tukae. Tukiwa pale benchini tuliitazama mifuko ya bei ya soko iliyopangwa hadi darini. Hiyo haikuhitaji mtandao, ilihitaji noti tu.

Sasa, anayelima kwa mdomo hudhani mbolea ni mbolea. Ya kupandia huingia shimoni siku ile ile ya mbegu, ikatenganishwa nayo kwa udongo kidogo isije ikaiunguza. Fosforasi yake haitembei ardhini. Mzizi mchanga sharti uikute jirani. Ukiikosa siku hiyo, ndiyo basi. DAP yenu ya kupandia imetufikia mwezi huu wa Mei, mahindi yakitoa mbelewele. Tuliipokea kwa vigelegele, tukapiga picha na mgeni rasmi kila mtu na mfuko wake begani, kisha tukaisukuma uvunguni mwa kitanda. Kwa unyevu huu imeanza kuganda mabonge. Mwakani tutaitwanga kwenye kinu.

Tunaowasikitikia zaidi ni wale waliotii. Kipeperushi chenu kilisema tusipande bila mbolea, nao wakasubiri mbolea. Mahindi yao yalichelewa kuota, na viwavijeshi vamizi wakayakuta bado machanga. Wadudu hawa waliingia nchini mwaka 2017 bila kuandikishwa na yeyote, na wanafanya kazi hata usiku wa sikukuu. Ukiuchungulia moyo wa mhindi asubuhi unakuta kinyesi chao kimejaa kama vumbi la mbao, na majani yametobolewa matundu. Watu wamepita mche kwa mche wakitia majivu na mchanga kwa vidole. Bwana shamba angekuja kutusaidia, maana pikipiki anayo, tena nzuri. Petroli yake ndiyo iko kwenye bajeti ijayo.

Kwa hiyo tunaomba mvua nayo iandikishwe. Ipewe namba, na kila wingu lisubiri ujumbe kabla ya kudondosha tone. Likikosa mtandao, lirudi wiki ijayo na kitambulisho halisi, si kivuli. Kama hilo litakwama kisheria, basi tunathubutu kutaja njia nyingine, japo ni ya usumbufu: mbolea ya kupandia iagizwe Septemba, wakati hakuna anayepiga kelele, na mwisho wa Januari iwe imelala kwenye ghala la kijiji. Tunafahamu kwamba Januari haina mgeni rasmi. Tuko tayari kuipokea bila picha.

Kuhusu hafla ya kukabidhi mbolea ya kukuzia, ambayo tumesikia mmeipangia mwezi Julai, msiwe na wasiwasi, tutafika wote. Mahindi yatakuwa yamekwisha kukauka shambani na hatutakuwa na kazi.

Wenu watiifu,
Wakulima mliotuandikisha

Nakala: Mvua ya masika, popote ilipo.