Mwongozo wa Kuugua Goma kwa Asiyejua Taratibu

Ukiwa na mpango wa kuugua Goma, chagua ugonjwa kwa makini, kisha chagua tarehe. Ukishindwa yote mawili, basi angalau upate ugonjwa unaojua kupanda ndege.

Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Ikaua Mangina, ikaua Beni, ikaua Katwa na Butembo, na kamati ya Shirika la Afya Duniani ikakutana mara tatu na kuona kwamba jambo hilo bado halijafikia kuitwa dharura ya kimataifa. Tarehe 14 Julai 2019 ikathibitishwa kuwa mchungaji mmoja aliyeshuka Goma kwa basi kutoka Butembo alikuwa nayo. Wakati huo Goma ilikuwa na uwanja wa ndege uliofanya kazi, na pale mpakani Petite Barrière watu walivuka kwa miguu kwenda Gisenyi, Rwanda, tangu alfajiri. Tarehe 17 dharura ikatangazwa. Mtu wa Beni aliyetaka kusikika alikuwa ameugulia kituo kisicho chake.

Ukishaugua kwa wakati unaofaa, utaletewa karatasi ya kukubali kuingia kwenye majaribio. Jirani atakuambia unafanywa kobayi, mnyama wa maabara. Msikilize kwa heshima, maana naye ameona magari meupe ya riposti, yaani kikosi cha kupambana na Ebola, yakipita mbio bila kumsalimu mtu. Lakini karatasi uisome mwenyewe, au usomewe polepole. Majaribio yaliyoitwa PALM yalianza Novemba 2018, na yakaendelea hata baada ya vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo kushambuliwa na kuchomwa moto Februari 2019. Dawa zilikuwa nne, na kila mgonjwa alipangiwa yake kwa kura. Hapa ndipo mgeni wa mambo hujikwaa: humvuta daktari pembeni amwombe amchagulie ile nzuri. Daktari haijui. Angeijua, karatasi ile isingekuwepo.

Tena usimpigie simu mjomba aliye Kinshasa. Mwaka ule mjomba mwenye jina angekuhangaikia ZMapp, maana ndiyo iliyokuwa na sifa tangu mlipuko wa Afrika Magharibi. Agosti 2019 upangaji wa kura ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa jibu lilikuwa limeshaonekana: karibu nusu ya waliopewa ZMapp walikufa, na wa remdesivir 53 kwa mia. Waliopewa mAb114 walikufa 35 kwa mia, na wa REGN-EB3 karibu 34. Yaani mjomba angekupeleka kaburini kwa upendo. Na jibu la namna hiyo, kupatikana kwa miezi tisa katikati ya risasi, si kuchelewa. Najua hati za viwanja zilizochukua muda mrefu kuliko huo.

Anayetaka kuona kuchelewa kwenyewe aifuate damu. Mwaka 1995 huko Kikwit, Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, na 7 wakaishi. Wataalamu wa ng'ambo wakatikisa vichwa: hakukuwa na kundi la kulinganisha, na mlipuko ulikuwa ukingoni. Wala hawakuwa wapumbavu. Plasma ya waliopona ilipojaribiwa Guinea mwaka 2015 haikuonyesha faida ya wazi. Lakini mmoja wa walionusurika Kikwit alitoa damu miaka 11 baadaye, na kingamwili zilikuwa bado zimo. Humo ndimo ilimotoka mAb114. Matokeo ya maabara yakachapishwa 2016, dawa ikafika kwenye vitanda vya Beni 2018, na muhuri wa Marekani ukagongwa Desemba 2020, kwa jina la Ebanga. Mwenye haraka wa Kikwit angefanya vizuri kuahirisha homa yake kwa miaka 25.

Mpox ina utaratibu mwingine kabisa. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa binadamu mara ya kwanza hapahapa Kongo, mwaka 1970. Chanjo ya MVA-BN ilipata idhini Marekani mwaka 2019, na mwaka 2022 watu wa New York waliipangia foleni. Kongo yenyewe iliiruhusu Juni 2024. Usishangilie bado. Gavi na UNICEF, ambao ndio wenye mfuko wa kununulia chanjo, walikuwa wakisubiri muhuri wa Shirika la Afya Duniani kule Geneva, na Geneva ilikuwa ikisubiri makaratasi. Dharura ya kimataifa ikatangazwa 14 Agosti. Muhuri ukatoka 13 Septemba, tena wa watu wazima tu, wakati katika kambi za wakimbizi kandokando ya Goma vipele vilikuwa vimejaa miilini mwa watoto. Sindano ya kwanza ilichomwa Goma tarehe 5 Oktoba. Kusubiri huku mimi sikuiti uangalifu. Kilichokuwa kikichunguzwa hapo si chanjo, ambayo maelfu kwa maelfu walikwisha kuipata, ni bahasha.

Ila usije ukatoka hapo ukidai kila kidonge kipya upewe leo. Tecovirimat ilisifiwa sana, ikajaribiwa kwa wagonjwa wa mpox huko Tunda na Kole, na Agosti 2024 ikajulikana kwamba haikuharakisha kupona kwa vidonda. Jambo la ajabu ni kwamba waliolazwa kwenye majaribio hayo, waliomeza dawa na waliomeza kidonge kitupu, walikufa 1.7 kwa mia tu, chini ya nusu ya kiwango cha kawaida cha Kongo. Walilazwa, wakalishwa, vidonda vikasafishwa, magonjwa mengine yakatibiwa. Matibabu hayo hayahitaji muhuri wa mtu yeyote, na labda ndiyo maana hakuna anayekuja kuyatangaza kwa gari jeupe.

La mwisho, usichanganye dawa iliyoidhinishwa na dawa iliyopo. Ebanga ilitoka kwenye damu ya Kikwit na ikajaribiwa kwenye miili ya watu wa Kivu. Baada ya idhini, Madaktari Wasio na Mipaka walilalamika kwamba akiba karibu yote ilikuwa imewekwa Marekani. Kwa hiyo ukifika kituoni usipoteze pumzi kumuuliza muuguzi kama dawa imekubaliwa. Muulize kama iko. Akisema iko, muulize iko mji gani.