Kuponzwa na Wenye Bidii

Mkenya aliye ng'ambo akisema anataka kuanzisha biashara nyumbani, hupewa onyo moja na kila mtu, kuanzia jirani hadi mchungaji: jamaa zako watakula pesa. Ushahidi haukosekani. Ruiru yenyewe ina viwanja vya watu wa ughaibuni vilivyoota nyasi, ilhali kwa picha za WhatsApp nyumba ilishafika kwenye lenta na fundi anaulizia mabati.

Mimi naishi Aarhus, Denmark, na biashara yangu ni sweta za watoto zinazofumwa kwa mkono huko Ruiru na Thika. Nilijiandaa barabara kuibiwa. Daftari ninalo, jumbe za M-Pesa zote nimezihifadhi, na hotuba ya kumkemea mwizi niliitunga mapema, tena kwa Kiswahili na Kikuyu. Hadi leo haijatumika. Hakuna aliyekula hata shilingi. Kinachonimaliza mimi ni bidii.

Mpango wenyewe, ukiuona kwenye karatasi, ni mwepesi. Tata, yaani shangazi yangu aliye Ruiru, hununua uzi na kufuma mbele, nyuma na mikono. Vipande hupelekwa Thika, kilomita ishirini hivi, mtaa wa Makongeni, kwa Mama Pacha, ambaye huunganisha, huweka kola na vifungo. Shosho, yaani nyanya yangu, anayeishi hatua chache kutoka kwa Mama Pacha, huhesabu na kufunga boksi. Kisha tunatafuta msafiri mwenye nafasi kwenye mzigo wake. Watu watatu, wote waaminifu, wote wacha Mungu, wote wapenda watoto. Hapo kwenye kupenda watoto ndipo penye shida.

Lakini kwanza niwaeleze wateja wangu. Kuwauzia Wadenmark sweta ni kama kuwauzia watu wa Kisumu samaki. Hao wanafuma wenyewe: kwenye treni, mkutanoni, wakingoja daktari. Mama wa Kidenmark akishika sweta yako huigeuza ndani nje na kukagua mshono kabla hata hajatazama rangi. Akiridhika hulipa vizuri, maana anajua ni saa ngapi za mtu zimeingia pale. Ndiyo sababu nilisisitiza kwa Tata kwamba kazi iwe ya sindano mbili na vidole kumi.

Tata ana mashine ya kufumia, ile ya kusukumwa kwa mkono, iliyomlisha miaka yote alipokuwa akifuma sweta za shule. Oda ya kwanza kubwa ilipomfikia, alinitumia sauti. Sauti za Tata huanza kwa maombi, zikapita kwenye hali ya hewa, zikawataja waliofariki, ndipo zifike kwenye biashara. Hii ilifika upesi kuliko kawaida. Alikuwa amemaliza. Zote. Alikesha na mashine. "Mwanangu, nikucheleweshe kwa nini na mashine ninayo?" Zilikuwa zimenyooka, zimelingana, hakuna tundu lililokwenda kombo, na wateja wangu hulipia hilo tundu. Bahati nzuri ulikuwa mwezi wa Julai, kaunti yetu yote ya Kiambu ikitetemeka, na sweta ziliishia kwenye shule ya Jumapili ya kanisa lake. Watoto walipendeza.

Tukaja kwenye vipimo. Ulaya nguo ya mtoto huandikwa kwa urefu wa mtoto mwenyewe: 62, 68, 74, zote sentimita. Sitini na nane ni mtoto wa miezi sita hivi. Nilituma jedwali, nikapiga simu, nikaeleza. Tata aliandika kila namba, kisha akaongeza kila namba, kwa sababu alikolelewa yeye mtoto hanunuliwi nguo ya leo. Hununuliwa ya kukulia. Vipande vilipofika Thika, Mama Pacha naye akavipima kwa pacha wake, ambao wakati huo walikuwa na miezi sita kamili, wamenyonya wakashiba, mapaja yamejikunja mara tatu. Akaona sweta inawabana kidogo. Akaongeza. Shosho alipofunga boksi hakuwa na uzi, la sivyo naye angeongeza. Sweta ya miezi sita iliyofika Aarhus ingemfaa mtoto anayejiandaa kuingia darasa la kwanza. Mteja mmoja aliniandikia kwa upole kuuliza kama watoto wa Kenya ni warefu hivyo wote. Nilimjibu kwamba Kenya ni nchi ya wanariadha.

Kosa kubwa lilikuwa la picha. Denmark mtoto mchanga hulazwa nje mchana, ndani ya kigari chake, hata theluji ikiwa chini. Mama huingia mkahawani kunywa kahawa, na mtoto amelala kando ya barabara, mashavu mekundu, hana habari. Wenyewe husema hewa baridi humpa mtoto usingizi mzuri. Desturi hii huwaletea matata wakisafiri: mwaka 1997 mama mmoja wa Denmark alimwacha mtoto kwenye kigari nje ya mkahawa jijini New York, polisi wakamkamata, na mtoto akawekwa kwa watu wengine kwa siku kadhaa. Mimi nilitaka tu Tata aelewe sweta zake zinafanya kazi gani huku. Mteja alikuwa amenitumia picha ya mwanawe amelala nje, sweta yetu ikichungulia kwenye blanketi, theluji imetua juu ya kigari. Kwa idhini yake nikaituma Ruiru.

Simu ililia kabla sijaweka ya kwangu chini.

"Huyo mtoto ni wa nani?"

"Wa mteja, Tata."

"Mamake yuko wapi?"

"Yuko ndani, anakunywa kahawa."

Kimya. Kisha nikasikia akiwaeleza watu wengine, na wale watu wengine wakipaza sauti. Ilikuwa siku ya chama chake cha akina mama. Kiambu, mtoto hutolewa nje Februari, jua la saa sita likiwaka, akiwa na fulana, sweta mbili, shali na kofia, na bado bibi asiyemjua atamsimamisha mamake barabarani kumwonya kuhusu nimonia. Sasa wanawake hao wameonyeshwa mtoto kwenye theluji. Nimeambiwa watoto wa Denmark waliombewa siku hiyo kwa majina ya miji yao, kadiri miji ilivyojulikana.

Mzigo uliofuata ulikuja na uzi maradufu. Kila sweta ilisimama yenyewe ukiiweka mezani. Ndani ya kila moja mlikuwa na zawadi kutoka kwa chama, bila malipo: boshori ya kufunika uso mzima isipokuwa macho. Mimi nikaenda kusoma sheria, maana tangu Agosti 2018 Denmark imepiga marufuku kufunika uso hadharani. Kumbe anayejikinga na baridi amesamehewa. Hata hivyo mtoto wa miezi minne ndani ya boshori nyeusi anaonekana kama ametoka kuvunja benki, na wazazi wengi walizichukua kwa ajili ya picha tu.

Vibonge vya uzi ni kesi nyingine ya upendo. Sweta zenye kofia, Mama Pacha alikuwa akizitilia kamba shingoni, na mwisho wa kamba akining'iniza vibonge viwili vya rangi. Ni kazi nzuri, hata mimi ningeinunua. Kanuni ya Ulaya iitwayo EN 14682 hairuhusu kamba ya namna hiyo kwenye kofia wala shingo ya nguo ya mtoto aliye chini ya miaka saba, kwa kuwa kamba zimewahi kunasa na kunyonga watoto. Nilipomweleza, alikubali mara moja na akaacha kamba. Vibonge akavihamishia mgongoni.

Pasi nitaipitia haraka kwa sababu bado inaniuma. Uzi tunaotumia ni akriliki, na lebo yetu inasema hivyo, maana kanuni ya Ulaya ya mwaka 2011 inadai nguo iandikwe imetengenezwa kwa nini. Akriliki ni plastiki. Ikipigwa pasi ya moto hulegea, na ikishalegea hairudi tena. Kijana mmoja wa jirani, aliyemaliza kidato cha nne na hapendi kukaa bure, aliona sweta za Shosho zikiwa na mikunjo.

Hata matatu zina watu wa bidii. Tata alimpa kondakta kifurushi Ruiru ili akikabidhi Thika kwenye steji. Kondakta alikifikisha salama, akamkuta kijana wetu akingoja, akamtazama sura, hakuipenda. Akamuuliza maswali. Kijana akababaika kidogo kuhusu rangi ya mfuko. Kondakta akakataa katakata kutoa mali ya mama wa watu kwa mtu asiyeeleweka, akakirudisha kifurushi mpaka Ruiru, akakikabidhi mkononi mwa Tata na hakudai nauli ya kurudi. Tata alimsifu wiki nzima. Ndege iliondoka bila kifurushi.

Na kuna Shosho. Thika ni mji wa mananasi. Mashamba ya Del Monte hayako mbali, na barabarani yanauzwa mengine ya wakulima wadogo, matamu mno. Shosho haelewi mtu anawezaje kutuma boksi kwa mjukuu lisilo na chakula ndani. Desemba 2019 Ulaya ilianza kudai cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila tunda linaloingia, na nilimwonya kuhusu parachichi na maembe. Lakini sheria hiyo imesamehe matunda matano: nanasi, ndizi, nazi, tende na durian. Sijui nani alimwambia Shosho. Boksi lililofuata lilipita forodhani likiwa na mananasi mawili yaliyoiva, yamevishwa sweta namba 74 ili yasigongane, na moja lilikuwa limepasuka tangu Nairobi. Ushuru wa forodha haukuwepo, kwa kuwa mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya, unaotumika tangu Julai 2024, huruhusu bidhaa zetu kuingia bila ushuru. VAT ya Denmark, asilimia 25, nililipa, harufu ya Thika ikiwa imejaa ofisi nzima. Nilifua sweta zote kwa mkono. Zilizovishwa nanasi zilibaki na rangi ya manjano hafifu, na hizo ndizo zilizokwisha kwanza.

Basi, msomaji, kama unasafiri kuja Denmark kabla ya Krismasi na mzigo wako haujafika kilo 23, nakuomba unibebee boksi moja. Shosho atalileta mwenyewe mpaka uwanja wa ndege, limefungwa kwa kamba na maombi. Ni mzee mwenye heshima, msalimie vizuri. Kisha lifungue mbele yake, toa kila kisichofumwa, na usikubali akushawishi kwamba ni kidogo tu.